Kisima Hakina Hatia

Makindu
25 Aprili 2025

Kaka Mbaluka,

"Meno ya utotoni ni ya kuanguka tu, Nthenya. Kuyahangaikia ni kupalilia shamba ulilokwisha kuvuna." Hayo ni maneno yako ya jana kwenye simu, kabla hujanikatia. Nimeyaandika vilevile usije ukayakana. Nakujibu kwa barua kwa sababu barua haikatwi.

Hilo shamba hujalivuna. Mjukuu wako Kimeu ana miaka minne. Meno ya mbele yataanza kung'oka akifika gredi ya kwanza, na magego ya utotoni atakaa nayo mpaka afikishe miaka kumi na kupita. Muda huo wote atatafunia nini, imani? Jino la utotoni humshikia nafasi jino la ukubwani. Likiondoka mapema, wenzake huegemea pengo, na lile jipya likifika linakuta kiti kimekaliwa. Zaidi ya hayo, jino bovu lina mzizi, mzizi hufanya usaha, na usaha haujui kwamba jino lilikuwa la muda. Sare ya shule nayo itambana mwakani. Je, ndiyo sababu ya kumpeleka shule na matambara?

Utasema nimeyatoa kwenye vitabu vya mitumba ninavyouza. Hapana. Nimeyaanza kwa sababu ya Waruguru. Mke wa mwanao alirudi kutoka kwako baada ya Pasaka, akaja dukani kwangu na kichanga mgongoni, akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia. Anasema meno ya mbele ya Kimeu yana rangi ya chai ya rangi, na mawili yameanza kumomonyoka pembeni. Hakukuambia kitu kwa sababu wewe ni baba mkwe wake, na kwao amefundishwa adabu. Mimi nakuambia kwa sababu ni dada yako, na adabu yangu unaijua.

Amekata shauri hivi: likizo ya Agosti atakuja. Akikuta kinywa cha mtoto kimeharibika kuliko alivyokiacha, anamchukua waishi naye huku Makindu. Mumewe Mutie amekubaliana naye. Najua tangu wifi yangu afariki mtoto huyo ndiye sauti ya pili katika nyumba yako. Sitaki akuondokee. Lakini sitakutetea kwa uongo.

Kwa hiyo acha peremende. Acha soda. Acha zile biskuti za dukani njia panda. Nakujua, huwezi kumnyima mtoto kitu akikuangalia kwa macho yale.

Dada yako,
Nthenya


Mwingi
6 Mei 2025

Kwa Nthenya, wakili wa dunia nzima,

Barua yako imefika kwa gari la mizigo, na chupa ya asali ninayokutumia inarudi kwa gari hilohilo, ili midomo yako ipate kitu kitamu angalau mara moja.

Umenishtaki bila shahidi. Katika nyumba yangu hakuna peremende. Soda iliingia mara ya mwisho kwenye matanga ya mke wangu. Biskuti nilizikataza mimi mwenyewe, na mwenye duka ananiita mchoyo hadi leo. Mtoto anakula muthokoi wetu wa mahindi ya kukoboa, maharagwe, mboga, maziwa, na maembe wakati wa maembe. Ana mswaki wake mwekundu na anajisugua mwenyewe kila asubuhi kama mwanaume. Simsimamii, hana haja ya askari.

Rangi ya meno ni maji. Umesahau ulikozaliwa? Fungua mdomo wako mbele ya kioo. Yako ni ya kahawia, yangu ni ya kahawia, na marehemu mama alikuwa hivyohivyo akazikwa na meno yake yote. Watu wa Nairobi wakituona tukicheka wanajua tumekunywa kisima gani. Waruguru si wa huku, kwao maji yanatoka mlimani, kwa hiyo ameshtuka. Mweleze.

Mtoto mwenyewe hana shida. Kwanza ametulia sana siku hizi. Zamani alikuwa anakula kama anafukuzwa, sasa anatafuna polepole, upande mmoja, kama mzee wa baraza. Muthokoi huacha nusu, anapenda uji zaidi. Na usiku halii hata kidogo. Nampa ile dawa ya kulalia tuliyolelewa nayo na mama, analala mpaka jogoo.

Hujui nilivyomwomba Mutie aniachie huyu mtoto. Ananiita Umau, kama tulivyomwita babu yetu. Ananisaidia kubeba kifaa cha moshi tukienda kwenye mizinga ya nyuki. Nyumba ikiwa na mtu wa kukuuliza maswali, unakumbuka kwamba una majibu. Sasa mnataka kumchukua kwa sababu ya maji ya Mungu?

Kaka yako,
Mbaluka


Makindu
14 Mei 2025

Kaka,

Asali imefika. Ni nzuri, sitakataa. Lakini barua yako imeniondolea usingizi kwa sentensi uliyoiandika kama sifa. Mtoto wa miaka minne hatafuni upande mmoja kwa sababu amepata hekima. Anatafuna upande mmoja kwa sababu upande wa pili unamuuma. Haachi muthokoi kwa sababu ameshiba, anaukimbia. Mpeleke kwa daktari wa meno, hospitali ya hapo Mwingi wanaye. Usisubiri Agosti.

Sasa tuje kwa maji. Ni kweli kwamba maji ya visima vyetu yana madini ya floridi, na madini hayo yalitutia madoa. Lakini yalitupata meno ya ukubwani yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi. Meno ya utotoni hayaguswi sana. Tena angalia jino lako: ni la kahawia, lakini ni gumu, bado unavunja nalo mfupa wa mbuzi na kutuaibisha kwenye harusi. La Kimeu linamomonyoka. Jino lenye doa na jino linalooza hayafanani, ila kwa mtu aliyeamua mapema asiangalie.

Hutaniamini, kwa hiyo usiniamini. Wewe ni mzee wa kanisa. Jumapili, watoto wakitoka shule ya Jumapili, wapange mstari juani, wafungue midomo, uangalie. Wote wanakunywa kisima kimoja, kile cha kanisa. Kama kosa ni la maji, wadogo wote watakuwa na meno kama ya Kimeu, na mimi nitaandika neno kwa mkono wangu kwamba umenishinda, ukalibandike mlangoni. Kama siyo wote, kisima hakina hatia, na itabidi tutafute mshtakiwa mwingine.

Ile dawa ya kulalia ni dawa gani? Mama alitulea na mambo mengi, mengine yalikuwa fimbo.

Nthenya


Mwingi
19 Mei 2025

Nthenya,

Nimewapanga. Mama mmoja aliniuliza kama nawanunua, kama mbuzi wa mnada.

Nikuambie ukweli kwa sababu sijawahi kukudanganya, hata pale uongo ungenifaa. Binti wa jirani yangu Kavata ana meno meupe kama mahindi mabichi. Mdogo wake vilevile. Watoto wa mchungaji, weupe. Wengi walikuwa weupe au karibu na weupe, mmoja mmoja ana jino bovu la nyuma. Wakubwa, wale wenye meno mapya, ndio wameanza rangi yetu. Walio na meno ya mbele kama ya Kimeu, yaliyoliwa karibu na ufizi, walikuwa wajukuu wa mzee Kilonzo wote wawili, na yule mdogo wa mama Kathini.

Nimekaa na jambo hili na silielewi. Kilonzo ni mtu safi. Ndiye mteja wangu mkubwa, na mama Kathini humfuata. Hawana shida ya chakula. Wanakunywa maji yaleyale kama wengine.

Basi siyo maji. Nimesema. Usilibandike mlangoni.

Dawa ya kulalia unaijua, umeisahau. Ni kifundo. Kitambaa safi cha pamba, unakifunga fundo dogo, unakichovya kwenye asali, mtoto anakinyonya mpaka anasinzia nacho mdomoni. Mama alikifunga wewe ulipokuwa na surua, mimi ndiye niliyekuwa nakishika. Kimeu alipoletwa alikuwa analilia mama yake kila jioni. Nilijaribu nyimbo, nilijaribu kumbeba, mimi mtu wa magoti mabovu. Kifundo kilimnyamazisha siku ya kwanza. Kilonzo aliponiuliza nalala vipi na mtoto mdogo, nikamfundisha, na mama Kathini pia.

Nimemwangalia anavyokula. Nikamgusa shavu la kushoto, akavuta kichwa. Hakulia.

Mbaluka


Makindu
24 Mei 2025

Kaka yangu,

Umeandika jibu lako mwenyewe na hukulisoma. Wanaoharibika meno ni watoto wa nyumba za wateja wako wa asali uliowafundisha kifundo. Ni asali.

Nasikia ukipumua kwa hasira kutoka Mwingi hadi hapa. Utasema asali ni dawa, ni chakula cha mababu, haikutoka kiwandani. Nami nilikushtaki kwa peremende za dukani kwa sababu napenda kupigana na makampuni. Nilikosea mshtakiwa. Kwa hilo nimekubali, na huwezi kusema sikuwahi kukubali kitu. Lakini wadudu wa kinywani hawasomi lebo. Sukari ya miwa, sukari ya nyuki, sukari ya juisi, kwao ni karamu ileile. Wanaila, wanatoa asidi, asidi inalainisha jino. Mchana mate huiosha. Mtoto akilala mate hupungua, na asali inakaa juu ya jino hadi jogoo wako awike. Kila usiku, kwa muda wote aliokuwa kwako.

Usinitupie marehemu mama. Mama alikuwa na mizinga ya magogo, akivuna msimu wa maua tu. Asali ilikuwa imefichwa juu ya dari, na mtoto aliionja akiwa mgonjwa. Mimi nilipata kifundo kwa sababu ya surua. Nilipopona kilikwisha. Tena alitupeleka kila asubuhi kuvunja kijiti cha mswaki, akituangalia mpaka tumalize. Wewe una mizinga ya kisasa, una ndoo za asali mwaka mzima. Umechukua dawa ya wagonjwa ukaifanya mto wa kulalia. Mama hakufanya hivyo hata siku moja. Desturi unayoitetea uliianza wewe.

Sisemi kwamba hukumpenda. Ulimpenda na kitu bora ulichokuwa nacho nyumbani.

Fanya haya. Kifundo kiishe leo, siyo kidogokidogo. Mswaki shika wewe. Mkono wa mtoto wa miaka minne haujui kona za kinywa chake, na hautajua mpaka awe wa miaka saba au nane. Asubuhi, na jioni kabla ya kulala. Dawa ya meno yenye floridi, ndogo kama punje ya pojo, ateme asimeze, maana nyinyi floridi mnayo hata kisimani. Baada ya mswaki wa jioni ni maji tu. Na lile shavu ni la hospitali, kaka. Lile siyo la barua.

Nthenya


Makindu
20 Juni 2025

Kaka,

Hujajibu, na simu hupokei. Kama umekasirika, kasirika na mimi lakini umpeleke mtoto. Waruguru ananiuliza kila siku nami namwambia uko shambani. Nimechoka kumdanganya mtoto wa watu.

Nthenya


Mwingi
27 Juni 2025

Nthenya,

Nilikasirika, ndiyo. Nilimaliza wiki nzima nikikuandikia majibu kichwani. Kila jibu lilikuwa na nguvu mpaka mtoto alipofungua mdomo.

Kifundo nilikitupa. Alilia. Akaniuliza amekosa nini. Nikamwambia hakukosa, nyuki wamekataa kufanya kazi ya usiku. Akafikiri, akasema na yeye angekataa.

Kisha asubuhi moja akaamka shavu limevimba kama amebana embe, na mwili moto. Nikakumbuka neno lako la usaha. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani na haya magoti. Hospitalini daktari wa meno, mwanamke kijana, alimwangalia akaniambia gego la chini limefika mwisho, na tungekawia, uvimbe ungeshuka shingoni. Sikuuliza baada ya hapo ni nini. Alimpa dawa za kutuliza usaha, siku chache baadaye tukarudi kwake akalitoa. Magego mawili ameyaziba. Yale ya mbele ameyapaka dawa ya kuzuia uozo usiendelee. Amesema yakitunzwa yatafika wakati wake wa kuanguka.

Aliniuliza mtoto analala na nini mdomoni. Nikamwambia. Nilitegemea anigombeze, nilikuwa nimejiandaa. Akasema tu, "Mzee, umeacha?" Nikasema nimeacha. Akasema, "Basi amepona nusu."

Sikupokea simu kwa sababu ningelia, na wewe ungesikia.

Jana amekula sahani nzima ya muthokoi. Pande zote mbili, na kelele. Nilikuwa nimesahau mtoto huyu anavyokula kama anafukuzwa. Nilikaa nikimtazama mpaka akaniuliza kama nataka chakula chake.

Sijui Waruguru atasema nini akilikuta pengo. Nimemwandalia mtoto nguo zake zote, zimefuliwa. Kama ni kuondoka asiondoke kama mtoto asiye na mtu. Mwambie wewe kila kitu, usinifunike.

Mbaluka


Mwingi
17 Agosti 2025

Shangazi Nthenya mpendwa,

Shikamoo. Umenifundisha vibaya, sasa na mimi naandika barua mtu akiwa na simu mfukoni. Ila hapa mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu, na hilo jiwe lina mbuzi.

Nilikuja na begi tupu la nguo za Kimeu. Baba mkwe aliliona nikishuka nalo. Akalipokea, akaliweka ndani vizuri, kama mgeni. Nilikuwa nimejipanga shangazi. Nilikuwa na maneno yangu yote njiani kuanzia Makindu.

Baada ya chakula cha jioni baba akakaa kwenye kigoda mlangoni, akavaa ile taa ya kichwani anayovaa akikagua mizinga. Kimeu akaenda mwenyewe, akalala chali, kichwa kwenye mapaja ya baba. Baba akasema, "Fungua mzinga." Mtoto akafungua. Yule mzee alisugua jino mojamoja, nje, ndani, juu, taratibu, akimsimulia ni nyuki gani analala chumba gani. Mtoto akatema. Nikajifanya nimesahau kwamba amesuguliwa, nikampa kikombe cha maziwa yenye sukari nione atafanya nini. Kimeu akaniambia, "Mama, mzinga umefungwa. Ni maji tu." Aliniambia kwa huruma, kama mtu asiyejua mambo.

Nikachukua taa nikaangalia mwenyewe. Kuna pengo la nyuma, lilinichoma moyo. Lakini ufizi ni safi, hauna harufu, na yale ya mbele hayajamomonyoka zaidi ya nilivyoyaacha Pasaka. Amejaa mashavu, ni mzito kumbeba. Akalala amemshika baba sikio. Baba hawezi kugeuka, analala hivyo mpaka mtoto amwachilie.

Asubuhi nikamwambia, "Baba, nilikuja kumchukua."

Akasema, "Nguo ziko tayari."

Nikamwambia azirudishe sandukuni. Alitoka nje, akakaa huko kwenye mizinga muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo.

Mutie nimemwambia, amefurahi mpaka akanichekesha. Na nikuambie shangazi, aibu yangu pia. Kichanga wetu nimekuwa nikimlaza na chupa ya maziwa mdomoni, na nimeshaona jino la kwanza limechungulia. Hapa nimeanza kumfuta ufizi kwa kitambaa chenye maji, na chupa inaisha kabla ya usingizi. Usiniandikie kuhusu hilo, nimeshajigombeza mwenyewe.

Baba ana ombi. Anasema aliwaambia Kilonzo na mama Kathini waache kifundo, hawakumsikiliza vizuri, wanadhani amechoka kuwauzia asali. Anataka uandike maneno yako makali, naye atayasoma kanisani Jumapili kwa sauti yake, jina lake likiwa ndani.

Wako,
Waruguru


Makindu
21 Agosti 2025

Kaka,

Jana nilisoma barua ya Waruguru, nikashusha pumzi mpaka mteja akaniuliza kama nimepokea habari ya msiba. Nikamwambia kinyume chake, nikampunguzia bei ya kitabu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu.

Haya hapa maneno. Yasome polepole, usiruke yanayokuuma. Mimi ningeliacha jina lako nje, lakini umetaka liwemo.

Nthenya


Kwa wazee, kina baba, kina mama na kina nyanya mliokaa kanisani leo, hasa mzee Kilonzo, hasa mama Kathini, na kila mtu aliyejifunza kifundo kutoka kwa ndugu yangu Mbaluka:

Anayewasomea haya anauza asali na ataendelea kuiuza. Inunueni. Ileni kwenye chakula cha mchana, kisha mnywe maji. Lakini mtoto asilale nayo mdomoni, wala asilale na chupa ya maziwa, wala uji wa sukari, wala juisi. Aliyewaambia kwamba meno ya utotoni hayana maana kwa kuwa yataanguka alikuwa amekosea, na amesimama mbele yenu kuwaambia hivyo. Mjukuu wake amepoteza gego moja. Angeweza kupoteza zaidi ya gego.

Msiseme ni kisima. Watoto wengi wa kisima hicho wana meno meupe, na mliwaona wamepangwa juani. Msiseme mtoto ni mkubwa, anajisugua. Hamumwachii akamue ng'ombe peke yake, wala avuke barabara ya Garissa peke yake. Msiseme hakuna wakati. Mnao wakati wa kumshika mtoto analia jino usiku kucha.

Mzee Kilonzo, jioni hii kaa kwenye kigoda na umlaze mjukuu wako mkubwa mapajani, kisha mdogo. Mama Kathini, kitoe kifundo chini ya mto wa mtoto na ukitupe motoni, na wiki hii mpeleke yule mdogo kwa daktari kabla shavu halijavimba. Nanyi wengine, mkitoka hapa msiende kwanza kunywa chai. Mshike mtoto wako kidevu, mgeuze upande wa jua, mwambie afungue mdomo, na uangalie.